MAWIMBI YA PAMOJA NA NIDHAMU YA KUSEMA

"Mtandao unasumbua" ni maneno ambayo siku hizi yamekuwa kama salamu ya ofisi. Mwananchi anafika dirishani, anaambiwa mtandao unasumbua, arudi kesho. Naye anarudi kesho. Karani hajui kinachosumbua ni nini. Mkuu wake hajui. Mara nyingi hata fundi aliyeitwa hajui, ila huongeza chombo kingine juu ya vile vilivyokuwapo, akaandika hati ya malipo na kuondoka.

Sisi tunaofundisha kazi ya uongozi tunaona kwamba jambo hili halifai kuachiwa mafundi peke yao. Ofisi ya kata, zahanati, chama cha ushirika na shule sasa vinategemea mawasiliano yasiyo na waya, na hewa yanamopita mawasiliano hayo ni moja kwa wote. (Tunasema "hewa" kwa mazoea tu, maana mawimbi ya redio hupita hata pasipo hewa.) Kiongozi asiyeelewa jinsi kitu cha pamoja kinavyofanya kazi atatoa maamuzi ya kukiharibu huku akidhani anakitengeneza. Kwa hiyo tunakusudia kueleza mwingiliano wa mawimbi hutokana na nini, na ni kwa njia gani watu wengi wanaweza kutumia masafa yaleyale na bado kila mmoja akawa na hakika kwamba habari yake imefika.

MWINGILIANO HUTOKEA WAPI

Watu wengi hudhani kwamba mawimbi mawili ya redio yakikutana angani huvunjana, kama magari mawili kwenye njia panda. Dhana hiyo si sahihi, na kosa hili dogo la nadharia huzaa makosa makubwa ya vitendo. Mawimbi yakikutana hupishana, na kila moja huendelea na safari yake kama lilivyokuwa. Msomaji anaweza kulithibitisha jambo hili kwa tochi mbili gizani: mwanga wa moja ukikatiza mwanga wa nyingine, hakuna unaopinda wala unaozimika. Taabu hutokea kwenye chombo kinachopokea. Antena yake hupata jumla ya yote yaliyofika mahali pale kwa wakati ule, nacho chombo hutakiwa kulichambua lile moja kinalolitaka kutoka katika jumla hiyo. Kikishindwa, ndipo tunaposema pana mwingiliano.

Mwingiliano basi ni uhusiano: uhusiano kati ya nguvu ya sauti tunayoitaka, nguvu ya sauti nyingine zote tusizozitaka, na uwezo wa sikio linalosikiliza. Na nguvu hizo hupimwa sikioni, hazipimwi mdomoni. Mahali pa wazi, umbali ukiongezeka mara 2, nguvu inayofika hupungua hadi robo. Ukiongezeka mara 10, hubaki sehemu 1 ya 100. Penye kuta na miti hupungua upesi zaidi. Ndiyo maana mnong'ono wa jirani unaweza kufunika kelele ya mtu aliye mbali.

Historia inatupa mfano wa kusikitisha. Usiku wa Aprili 14, 1912, meli ya Titanic ilikuwa ikivuka Bahari ya Atlantiki. Mpeleka simu wake, Jack Phillips, alikuwa akituma rundo la salamu za abiria kwa kituo cha Cape Race, pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Meli nyingine, Californian, iliyokuwa imesimama karibu kwa sababu ya barafu, ikamwita ili kumwarifu. Kwa kuwa ilikuwa karibu, mlio wake ulimjia Phillips sikioni kwa nguvu na kuufunika ule wa Cape Race. Phillips akamwambia mwenzake anyamaze, maana yuko kazini. Mpeleka simu wa Californian, Cyril Evans, akasikiliza kwa muda, kisha akafunga kazi akaenda kulala. Dakika chache baadaye, saa 5.40 usiku, Titanic iligonga mlima wa barafu. Watu wapatao 1,500 walikufa. Hatusemi kwamba mwingiliano ndio uliozamisha meli ile; kasi yake na uchache wa mashua za kuokolea ni mambo yanayojulikana. Lakini ni kweli kwamba mtu aliyekuwa karibu kuliko wote alinyamazishwa kwa sababu ya ukaribu wake, na ilipofika saa ya kuomba msaada sikio lake lilikuwa limefungwa.

Mwezi Agosti mwaka uleule Marekani ilipitisha sheria iliyomtaka kila mrusha mawimbi awe na leseni. Wakubwa, yaani jeshi la majini na makampuni ya biashara, walipewa mawimbi marefu yaliyoaminiwa kuwa ndiyo yenye manufaa. Watu binafsi waliokuwa wakijifunza redio majumbani walisukumiwa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, ambayo wataalamu wa siku zile waliyaona hayafai kitu. Miaka kumi na kidogo haijapita, watu haohao walikuwa wakizungumza kuvuka Atlantiki kwa mawimbi hayo mafupi, kwa nguvu ndogo kabisa. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu lilikuja kujirudia.

KUPAAZA SAUTI HAKUSAIDII

Dawa ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuongeza nguvu. Ofisi inanunua chombo chenye antena nne ndefu na kukitundika juu kabisa. Tuichunguze dawa hii.

Ofisi ya kwanza ikipaaza sauti, wasikilizaji wa ofisi ya pili wanaanza kusikia vibaya. Ofisi ya pili nayo inapaaza. Uwiano kati ya sauti inayotakiwa na isiyotakiwa unarudi palepale ulipokuwa mwanzo, ila sasa wote wawili wanatumia umeme zaidi, na ofisi ya tatu, iliyokuwa mbali na salama, imeingizwa katika ugomvi. Zaidi ya hayo, mawasiliano ni ya pande mbili. Chombo cha ukutani kinaweza kupiga kelele hadi ng'ambo ya barabara, lakini simu ya mfukoni yenye betri ndogo haiwezi kujibu kwa nguvu ileile. Hii ndiyo siri ya malalamiko tunayoyasikia kila mara, kwamba alama ya mtandao imejaa tele na hakuna kinachopita. Alama ile inaonyesha jinsi simu inavyokisikia chombo. Haisemi lolote juu ya jinsi chombo kinavyoisikia simu.

SOMO LA HAWAII

Njia ya kushirikiana masafa bila kupaaza sauti, na hata bila kuwa na msimamizi, ilitafutwa kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu katika visiwa vya Hawaii. Chuo kikuu cha huko kilikuwa na matawi katika visiwa mbalimbali, na kompyuta yake kubwa ilikuwa karibu na Honolulu. Mwalimu mmoja wa chuo hicho, Norman Abramson, pamoja na wenzake, walitaka watu wa matawini waitumie kompyuta ile. Kulikuwa na nyaya za simu, lakini walizipima wakaona haziafiki kazi yao. Mtu aliyeketi mbele ya mashine huandika mstari mmoja, kisha hufikiri, hujikuna kichwa, huenda kunywa chai. Waya aliopewa yeye peke yake hukaa bure karibu wakati wote. Kumgawia kila mtu wake ni haki kwa macho, lakini ni ufujaji.

Mtambo wao, ulioitwa ALOHA, ulianza kazi Juni 1971. Ulikuwa na njia mbili tu za redio. Moja, ya megahezi 407.350, ilikuwa ya watu wote kusemea na kituo kikuu. Nyingine, ya megahezi 413.475, ilikuwa ya kituo kikuu kuwajibu. Habari ilikatwa vipande, ambavyo wataalamu huviita pakiti. Kipande kikubwa kilibeba herufi 80 pamoja na anwani na tarakimu za kuhakikishia. Kwa mwendo wa biti 9,600 kwa sekunde, pakiti ilichukua chini ya sehemu ya kumi ya sekunde hewani.

Sheria yao ilikuwa fupi hivi kwamba wengi walidhani ni mzaha. Ukiwa na pakiti, itume. Usimwombe mtu ruhusa. Kituo kikuu kikiipokea ikiwa nzima, kinakurudishia stakabadhi. Stakabadhi isipofika kwa muda uliowekwa, jua kwamba pakiti yako imevurugwa na ya mwingine. Basi subiri kwa muda wa kubahatisha, kisha itume tena.

Hapa kuna mambo matatu ambayo tunawaomba wasomaji wasiyapite haraka.

Kituo kilijuaje kwamba pakiti ni nzima? Kwa zile tarakimu za kuhakikishia. Mtumaji hupiga hesabu fulani juu ya biti zake na kuambatisha jibu. Mpokeaji hurudia hesabu ileile. Majibu yakitofautiana, pakiti hutupwa bila huruma na bila maelezo. Mpokeaji hakisii, wala hajaribu kuunga maneno. Kunyamaza kwake ndiyo taarifa.

Pili, kwa nini muda wa kusubiri uwe wa kubahatisha? Kwa sababu wawili waliogongana wakisubiri muda uleule watagongana tena, na tena, kama watu wawili wenye adabu wanaopishana mlangoni, kila mmoja akisogea upande uleule. Kila mashine ikipiga kura yake ya muda, wataachana. Wengine wetu tumezoea kuiona bahati nasibu kuwa adui wa mipango. Hapa imefanywa chombo cha mpango.

Tatu, na hili ndilo zito, uhakika haukupatikana kwa kuifanya hewa iwe ya uhakika. Hewa ilibaki vilevile, yenye kelele na migongano. Uhakika ulitokana na utaratibu: kila kilichosemwa kitolewe stakabadhi, na kisichotolewa stakabadhi kisemwe tena. Mkuu wa ofisi anayedai apewe "mtandao usiokatika" anadai kitu ambacho hakipo mahali popote duniani. Anachoweza kudai kwa haki ni mtandao ambao kinachopotea kinajulikana kuwa kimepotea na kinarudishwa.

Utaratibu huu una mpaka wake, nao unahesabika. Pakiti moja huwa hatarini kwa muda wa pakiti mbili: inaweza kuvurugwa na iliyoanza kabla yake na haijamaliza, au na itakayoanza kabla yenyewe haijamaliza. Hesabu inaonyesha kwamba watumiaji wakiwa wengi na kila mmoja akisema apendapo, njia haiwezi kubeba zaidi ya asilimia 18.4 ya uwezo wake. Mwaka 1972 Lawrence Roberts alipendekeza badiliko dogo: pawe na saa moja kwa wote, na kila anayetaka kusema aanze pale tu kengele inapolia. Muda wa hatari ukapungua nusu, na mpaka ukapanda mara mbili, hadi asilimia 36.8. Hakikuongezwa kipande hata kimoja cha masafa. Kilichoongezwa ni nidhamu ya kuanza pamoja.

Mpaka huo ukivukwa, hali haibaki palepale. Migongano huzaa marudio, marudio huzaa migongano, na kazi inayopita hupungua kadiri juhudi inavyoongezeka, hata hewa ikajaa maneno na asiwepo anayesikia lolote. Dawa yake ni kurudi nyuma: kila anayeshindwa aongeze muda wake wa kusubiri mara mbili, akishindwa tena mara mbili zaidi. Robert Metcalfe, aliyeichunguza ALOHA katika tasnifu yake ya mwaka 1973, aliutumia msingi wa kurudi nyuma katika mtandao wa waya alioubuni mwaka huohuo, Ethernet. Kwa mtu mwenye haraka dawa hii ni chungu, lakini hesabu iko upande wake.

KUSIKILIZA KABLA YA KUSEMA

Tulisema kwamba kisa cha mawimbi mafupi kilijirudia. Mwaka 1947, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Atlantic City, yalitengwa masafa kwa ajili ya mitambo inayotumia mawimbi kupasha joto na si kuzungumza. Miongoni mwake ni yale yanayozunguka gigahezi 2.45, ambamo hufanya kazi majiko ya maikrowevu. Yalionekana ni jalala. Nani atakwenda kuongea jalalani? Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani iliruhusu mtu yeyote arushe habari humo bila leseni, kwa masharti ya nguvu ndogo, ya kutandaza habari katika masafa mapana, na ya kuvumilia usumbufu wowote atakaoukuta. Mwaka 1997 wahandisi wakakubaliana juu ya kanuni ziitwazo 802.11, ambazo ulimwengu unazijua kwa jina la Wi-Fi. Sehemu kubwa ya mawasiliano yanayopita katika ofisi zetu leo yanapita katika jalala hilo na katika masafa mengine yaliyofunguliwa baadaye kwa namna hiyohiyo.

Wi-Fi ni mtoto wa Hawaii aliyefundishwa adabu zaidi. Kabla ya kusema, husikiliza. Akisikia kimya, hungoja kidogo (katika kanuni za awali za masafa haya, mikrosekunde 50), kisha hupiga kura ya kati ya 0 na 31 na kuhesabu kurudi nyuma, hatua moja kwa kila mikrosekunde 20. Mwingine akianza kusema, husimamisha hesabu na kuiendeleza baadaye pale alipoiachia. Zamu ikifika, husema. Mpokeaji hurudisha stakabadhi baada ya mikrosekunde 10, upesi kuliko mtu mwingine yeyote anavyoruhusiwa kuanza, ili stakabadhi isigombaniwe. Ikikosekana, kura inayofuata hupigwa kati ya 0 na 63, kisha 127, na kuendelea hadi 1,023.

Mtu atauliza kwa nini chombo kisisikilize huku kikisema, kikanyamaza papo hapo kikigundua mgongano, kama ilivyokuwa kwa Ethernet. Jibu ni kwamba sauti yake mwenyewe inaweza kuwa na nguvu mara bilioni 10 kuliko ile ya mwenzake inayomfikia. Hakuna asikiaye mnong'ono huku akipiga tarumbeta.

Lakini kusikiliza kuna upofu wake, ambao Fouad Tobagi na Leonard Kleinrock waliuchambua mwaka 1975. Tuchukue jengo refu la zahanati, ruta ikiwa katikati, kompyuta ya mapokezi mwisho mmoja na ya stoo ya dawa mwisho mwingine. Ruta inazisikia zote mbili, zenyewe hazisikiani. Mapokezi inasikiliza, inaona kimya, inasema. Stoo nayo inasikiliza, inaona kimya, inasema. Pakiti zinavurugana kwenye ruta, na kila mmoja ana hakika kwamba amefuata sheria. Kila mmoja amezifuata kweli! Kimya alichokisikia kilikuwa kimya cha mahali pake, nayo habari ilikuwa ikienda mahali pengine.

Kanuni zimeweka tiba: msemaji hutuma kwanza ombi fupi, ruta hujibu kwa ruhusa fupi inayotaja muda, na kila aisikiaye ruhusa hiyo, hata kama hakulisikia ombi, hunyamaza kwa muda uliotajwa. Tiba hii ina gharama, maana maombi na ruhusa nazo hula muda, na kwa pakiti fupi gharama huzidi faida. Kwa maoni yetu, katika jengo kama hilo ni bora kuweka ruta mbili ndogo, kila moja karibu na watu wake, zikiunganishwa kwa waya na zikitumia chaneli zisizoingiliana. Waya si ushamba. Kila kompyuta isiyohama mezani iliyofungwa kwa waya ni mdomo mmoja uliotolewa hewani, na waliobaki hewani wanapumua.

USAWA WA NAMNA GANI

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hutuletea mjadala mkali zaidi kila tunapolifundisha. Kanuni za Wi-Fi tulizozieleza zinampa kila mmoja nafasi sawa ya kupata zamu. Wanafunzi wetu husikia hivyo wakaridhika: huo ni usawa. Tunawaomba wapige hesabu.

Kompyuta mbili zinatumia ruta moja ya kanuni za mwaka 1999. Ya kwanza iko karibu na inasema kwa biti milioni 11 kwa sekunde. Ya pili iko mbali, nyuma ya kuta mbili, na kwa kuwa inasikika vibaya inabidi iseme polepole, biti milioni 1 kwa sekunde. Kila moja inatuma pakiti ya biti 12,000. Ya kwanza inachukua kama milisekunde 1.1; ya pili inachukua 12. Zikipokezana zamu kwa haki kabisa, katika kila milisekunde 13, kama 12 ni za yule wa mbali. Aliye karibu, mwenye uwezo mara 11, anashushwa hadi chini ya biti milioni 1 kwa sekunde, sawa na mwenzake. Watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliueleza ukinzani huu mwaka 2003, na watengenezaji kadhaa baadaye wakaweka katika vyombo vyao utaratibu wa kugawa muda badala ya zamu.

Ni upi usawa wa kweli, zamu sawa au muda sawa? Ukigawa muda sawa, wa karibu anapata mara 11 ya wa mbali, na wa mbali analalamika kwamba amenyimwa kwa sababu ya mahali alipokaa. Ukigawa zamu sawa, wote wanakuwa wa mbali. Tumesikia hoja nzuri za pande zote mbili. Sisi tunaegemea muda sawa, kwa sababu muda wa hewani ndio mali ya pamoja inayotumika na kwisha, na kwa sharti kwamba wa mbali asogezewe ruta. Lakini tunachosisitiza ni kwamba hakuna mashine inayoweza kulijibu swali hili. Kuna mtu aliyelijibu kwa niaba yetu, akaliandika ndani ya chombo, na sisi tukakinunua bila kujua kwamba limejibiwa.

Kosa jingine la kila siku ni uchaguzi wa chaneli. Katika gigahezi 2.4 kuna chaneli 13 zinazoachana kwa megahezi 5, lakini chombo kimoja huchukua upana wa megahezi 20 au zaidi kidogo. Kwa hiyo zisizoingiliana ni tatu tu, kwa kawaida 1, 6 na 11. Mtu anaona jirani mmoja yuko 1 na mwingine yuko 6, naye kwa wema wa moyo anachagua 3 ili asimsumbue yeyote. Amewasumbua wote wawili! Angekaa kwenye chaneli 1, angeelewana na jirani huyo na wangepokezana zamu. Akiwa nusunusu, maneno yake kwao ni kelele tu, nao hawawezi kupanga foleni na kelele. Ni afadhali kushirikiana wazi kuliko kuingiliana kwa siri.

Tulitaja jiko la maikrowevu. Majiko mengi ya kawaida huunguruma nusu tu ya kila mzunguko wa umeme. Kwa umeme wetu wa hezi 50 ni kama milisekunde 10 za kelele na 10 za kimya. Pakiti fupi zinazorudiwa kwa stakabadhi hupenya katika vile vimya. Mtandao unakwenda polepole, lakini unakwenda.

PENYE MWENYEKITI

Mitandao ya simu za mkononi imefuata njia nyingine. Huko kuna mwenyekiti, nao ni mnara. Katika mfumo wa GSM kila njia ya kilohezi 200 imegawanywa katika nafasi 8 za muda, na mnara ndio unaogawa. Minara inayopakana hupewa masafa tofauti, na yaleyale hutumiwa tena mbali kidogo. Mnara huiamuru hata simu ipunguze nguvu, kwa hiyo simu iliyo chini ya mnara hunong'ona. Utaratibu huu ni imara kuliko ule wa Wi-Fi, na sababu si ubora wa mashine. Masafa hayo yana mwenye leseni mmoja, na mwenye leseni anaweza kuamuru.

Hata hivyo mwenyekiti hawezi kumpa nafasi mtu ambaye hajajua kwamba anataka kusema. Ni lazima mtu anyooshe mkono kwanza, na mikono inaweza kunyooshwa kwa pamoja. Hapo GSM inarudi Hawaii: ombi la kwanza la simu hutumwa katika njia ya wote kwa utaratibu wa Roberts wa mwaka 1972, na anayekosa jibu husubiri kwa kubahatisha akajaribu tena. Mitandao iliyofuata imebadilisha mengi, lakini kunyoosha mkono kwa kubahatisha kumebaki. Tangu huduma za fedha kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, mkulima anayetuma ada ya mtoto wake huanza na ombi la namna hiyo. Mkesha wa sikukuu, wote wanaponyoosha mikono kwa pamoja, ndipo ule mpaka wa asilimia 36.8 unapoonekana kijijini.

NANI ANAGAWA

Masafa hayaishi kwa kutumiwa. Yakiachwa leo bila kutumiwa, hayawekeki akiba ya kesho. Ni mali ya ajabu, na ugawaji wake una historia ya mabishano. Kwa muda mrefu desturi ya kimataifa ilikuwa kwamba aliyetangulia kuandikisha ndiye mwenye haki. Nchi zilizopata uhuru miaka ya 1960 zilikuta meza imekwisha kuliwa. Mwaka 1976, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizotoa tamko huko Bogotá, Colombia, kwamba sehemu ya anga iliyo juu yao, ambamo setilaiti huonekana zimesimama mahali pamoja, ni yao. Dunia haikulikubali dai hilo, lakini hoja iliyokuwa nyuma yake haikufa. Katika mkutano mkuu wa masafa wa Geneva mwaka 1979 nchi zinazoendelea ziliipinga desturi ya "aliyetangulia", na mwaka 1988 ukapitishwa mpango wa kuihifadhia kila nchi angalau nafasi moja angani, hata kama haijawa na setilaiti ya kuweka hapo.

Mabishano ya siku hizi yako katika gigahezi 6. Aprili 2020 Marekani iliyafungua masafa yote kati ya megahezi 5,925 na 7,125 kwa vyombo visivyo na leseni, kwa njia ileile ya mwaka 1985. Makampuni ya simu katika nchi nyingine yakataka nusu ya juu iwe yao, kwa leseni. Mkutano wa Dubai uliomalizika Desemba 2023 uliyatambua masafa ya kuanzia megahezi 6,425 hadi 7,125 kuwa yanaweza kutumiwa kwa simu katika kanda yetu, yaani Afrika pamoja na Ulaya, na palepale ukakumbusha kwamba Wi-Fi nayo inayatumia. Kila serikali imeachiwa iamue kwa nchi yake. Shule iliyo mbali na mnara inaweza kufaidika na masafa yaliyo wazi kama ina waya wa kuifikisha intaneti hapo shuleni. Isipokuwa na waya, itamtegemea mwenye mnara, naye atataka leseni kabla ya kujenga. Kwa hiyo uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa kutazama ramani ya masafa peke yake. Unahitaji pia ramani ya waya, wilaya kwa wilaya.